Ukitoka kwa Nabii, Unatoka kwa Siku Ngapi?

Sisi wa Moi's Bridge tusicheke watu wa Shakahola. Hapa tu Chemororoch, huku huku Uasin Gishu, Jehovah Wanyonyi aliwaambia watu yeye ndiye Mungu, na wakamfuata miaka na miaka. 2015 habari zikatoka kwamba amefariki. Wafuasi wake wakakataa kata kata, Mungu hafi! Yaani mwenyewe hayupo tena na bado amewashika.

Sasa angalia Shakahola, kule Kilifi. Aprili 2023 polisi waliingia msituni wakapata wafuasi wa Paul Mackenzie wamefunga hadi kufa, eti wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Hiyo sote tunaijua. Isiyosemwa sana ni ya wale waliotolewa wakiwa hai. Wengine waliendelea kukataa chakula kwenye kituo cha uokoaji, na Juni mwaka huo huo 65 wakapelekwa korti ya Shanzu. Kosa? Kujaribu kujiua.

Hebu fikiria. Mtu amefundishwa kwamba njaa ndiyo njia ya mbinguni, umemtoa msituni juzi, leo unamsomea mashtaka. Jela ingemfunza nini? Huyo alihitaji uji kidogo kidogo, mtu wa kuongea naye bila haraka, na ndugu wa kumpokea nyumbani bila kumsimanga.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu cha 226 kinakiuka katiba. Poa. Ila hao 65 walikuwa washasimamishwa kizimbani kitambo.