Wembe Wenye Kinga: Jaribio la Mwaka 1886 na Yaliyofuata

Katika Kiswahili, neno «wembe» hubeba vitu viwili ambavyo historia ya ufundi huvitenganisha: kisu cha kinyozi chenye mpini, kinachonolewa na kutumiwa miaka na miaka, na kibati chembamba cha feleji kinachouzwa dukani kwa pakiti. Methali «Mtoto akililia wembe, mpe» hueleweka kwa vyote viwili, maana vyote hukata. Hata hivyo, kati ya kimoja na kingine pana safari ndefu ya uvumbuzi, na miongoni mwa watu walioujaribu wembe mpya njiani, mmoja aliacha ushuhuda wa maandishi.

Huyo ni Oliver Wendell Holmes, tabibu na mshairi wa Boston, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1809. Mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 76, alipanda meli pamoja na binti yake kwenda Ulaya, na rafiki mmoja akamkabidhi kijisanduku cha zawadi. Ndani yake mlikuwa na wembe ulioitwa Star, uliotengenezwa New York na ndugu wa ukoo wa Kampfe, ambao walikuwa wamepata hataza yake mwaka 1880. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1887 juu ya safari hiyo, Our Hundred Days in Europe, Holmes anausifu mno. Aliulinganisha na mashine ya kukatia nyasi. Haukuhitaji kioo, nao uliweza kupitishwa usoni kwa ujasiri unaokaribia uzembe, kwa sababu haukumkata mwenyewe. Kazi iliyokuwa karaha ya kila asubuhi ikageuka kuwa starehe. Alilitaja hata jina la watengenezaji, bila kuona haya kwamba angedhaniwa kuwa mpiga debe wao.

Ili kuifahamu furaha ya mzee huyo, yafaa kukumbuka wembe wa kale ulimdai mtu nini. Ulikuwa feleji tupu, wazi, iliyohitaji mkono usiotetemeka. Na mkono gani usiotetemeka katika meli inayoyumba? Kabla ya kunyoa, makali yalipitishwa kwenye ukanda wa ngozi. Baada ya muda yalihitaji kinoo, na kinoo kilihitaji fundi. Ndiyo maana wanaume wengi waliona heri kuiweka shingo yao mikononi mwa kinyozi. Katika karne ya 18, Jean-Jacques Perret, mfua visu wa Paris, alikwisha kupendekeza kwamba wembe uvikwe kinga ya mbao ili makali yachomoze kidogo tu, naye aliandika kitabu kizima cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Wazo la usalama, basi, lilikuwa la zamani.

Wembe wa Kampfe uliondoa hatari lakini haukuondoa kazi, kwani ubapa wake ulihitaji kunolewa vilevile. Hatua ya pili ilipigwa na King Camp Gillette, mchuuzi aliyewahi kuuza vizibo vya chupa vya William Painter, na ambaye Painter alimshauri abuni kitu kitakachotumiwa na kutupwa, ili mnunuzi arudi. (Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka 1894 Gillette huyohuyo alikuwa amechapisha kitabu cha kulaani ushindani wa kibiashara.) Mwaka 1895, kwa maelezo yake mwenyewe, alisimama asubuhi na wembe butu mkononi, ndipo akaona kwamba yanayohitajika ni makali tu, chuma kingine chote ni cha kuyashikilia. Wataalamu walimwambia kwamba bati jembamba la feleji haliwezi kufanywa gumu kiasi cha kunyoa. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyelitatua tatizo hilo, ingawa jina lililobaki kwenye pakiti si lake. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, ziliuzwa nyembe 51 na bapa 168. Mwaka uliofuata, nyembe 90,884. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali yake iliagiza nyembe milioni 3.5 kwa ajili ya askari, na bapa zaidi ya milioni 30. Vijana wengi walijinyoa kwa chombo hicho mara ya kwanza wakiwa jeshini, na waliporudi nyumbani hawakukiacha.

Tangu hapo ustadi wa kunoa ulihama kutoka mkononi mwa mtu hadi kiwandani. Tena, ubapa ulisafiri mbali kuliko mpini wake. Katika sehemu nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo, uliuzwa peke yake, ukashikwa kwa vidole viwili, ukanyoa nywele, ukakata kucha na nyuzi, ukachanja chale. Kinga, iliyokuwa sababu ya sifa zote za Holmes, haikuwepo. Na kitu kilichobuniwa kitupwe kiliwekwa na kuazimwa jirani kwa jirani, kama wembe wa kale. Kwa mwenye kipato kidogo hapakuwa na upumbavu wowote katika hilo, kwani makali yalikuwa bado yapo.

Hatari ilikuwa katika damu. Holmes, kama tabibu, aliandika mwaka 1843 kwamba homa ya wazazi huenezwa na mikono ya waganga wenyewe, na wenzake wengi wakamkasirikia. Lakini mbele ya wembe wake aliyawaza majeraha tu. UKIMWI, au SIDA kama usemwavyo nchini Kongo, ulipojulikana katika miaka ya 1980, wauguzi walianza kufundisha kwamba wembe mmoja usipite kwa watu wawili. Ndipo katika Kiswahili cha zahanati neno «wembe» lilipozoea kuandamana na «mpya», kivumishi ambacho kisu cha kinyozi hakikuwahi kukihitaji.