Ardhi ya Elwak: Kwa nini barua ya ploti si hatimiliki

MJI wa Elwak, ulio katika Kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, ulichipuka kandokando ya visima. Kwa vizazi vingi, wafugaji waliwanywesha ngamia na mbuzi wao hapo pasipo kuulizana hatimiliki. Haki ya malisho na maji ilisimamiwa na wazee, kwa mila zilizojulikana na wote.

Hali hiyo inabadilika. Mji umepanuka, na mradi wa barabara kuu ya kutoka Isiolo hadi Mandera, unaopitia Wajir, Kutulo, Elwak na Rhamu, unaipandisha thamani ardhi iliyo kandokando yake. Ndiposa swali la nani anamiliki ardhi, na vipi anaweza kuihamisha kwa mwingine kihalali, limekuwa zito.

Chimbuko la utata
Baada ya uhuru mwaka wa 1963, ardhi ya Kaskazini Mashariki iliwekwa katika kundi la ardhi ya dhamana. Baraza la Kaunti ya Mandera la wakati huo liliishikilia kwa niaba ya wakazi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Dhamana, Sura ya 288. Shughuli ya kupima mashamba na kutoa hatimiliki, iliyoshika kasi katika nyanda za juu tangu miaka ya 1950, haikupata mizizi katika maeneo ya wafugaji.

Katika miji, mabaraza ya namna hiyo yaligawa ploti kwa kutoa barua. Wengi walijenga maduka na nyumba, wakauziana na kurithishana ploti wakiwa na barua hizo pekee.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliigawa ardhi ya Kenya katika makundi matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 63, ardhi iliyokuwa ya dhamana chini ya mabaraza, pamoja na malisho ya pamoja, ni ardhi ya jamii. Ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika.

Mdhamini si mmiliki
Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inaikataza serikali ya kaunti kuuza, kuhamisha au kugeuza kuwa ya kibinafsi ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Iwapo ardhi hiyo itatwaliwa kwa mradi wa umma, fidia inayolipwa ni amana. Kaunti huiweka katika akaunti yenye riba hadi jamii itakapojisajili, kisha huikabidhi.

Ili kujisajili, jamii huchagua kamati ya usimamizi yenye wanachama kati ya saba na 15. Baada ya mipaka kuhakikiwa na ardhi kupimwa, hatimiliki hutolewa kwa jina la jamii. Mwanachama anaweza kutengewa kipande akitumie peke yake, lakini hapati hatimiliki yake binafsi juu ya kipande hicho.

Kuuza ardhi iliyosajiliwa, au kuigeuza kuwa ya kibinafsi, kunahitaji idhini ya thuluthi mbili ya wanachama. Sheria inapiga marufuku ubaguzi, hivyo wanawake na vijana waliotimu umri wa utu uzima wana sauti sawa na wazee. Mwenyekiti wa kamati au mzee wa ukoo hawezi kuuza kwa sahihi yake pekee.

Taratibu za kuhamisha umiliki
Kwa ardhi ya kibinafsi yenye hatimiliki, mnunuzi huanza kwa kuchunguza rekodi katika ofisi ya msajili wa ardhi. Mkataba wa mauzo sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili na kushuhudiwa. Ikiwa ni mali ya ndoa, mke au mume lazima aridhie, kulingana na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.

Ardhi ya kilimo iliyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi huhitaji pia idhini ya bodi ya ardhi, inayopaswa kuombwa katika muda wa miezi sita tangu mkataba ufanywe. Ushuru wa stempu ni asilimia nne ya thamani mijini na asilimia mbili mashambani. Umiliki huhama pale tu msajili anapoingiza jina jipya katika sajili.

Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele. Kifungu cha 65 kinampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Katika mji wa mpakani ambapo jamaa wa ukoo mmoja huishi pande zote mbili, kanuni hii si jambo dogo.

Msimamo wa mahakama
Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilitoa maamuzi mawili mazito. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kuwa hatimiliki iliyotokana na mgao haramu haimlindi hata mnunuzi asiyejua kasoro hiyo. Katika kesi ya Torino Enterprises, ilieleza kuwa barua ya mgao ni pendekezo tu, na peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi.

Kuhusu mirathi, Waislamu wanaweza kufika mbele ya Kadhi iwapo pande zote zinakubali mamlaka yake. Hata hivyo, Kadhi hugawa mali ya marehemu. Mzozo kuhusu uhalali wa hatimiliki ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mizozo ya ardhi ya jamii inaweza kutatuliwa kwanza kwa mila, upatanisho au usuluhishi.

Kwa mkazi wa Elwak mwenye barua pekee, maana yake ni kwamba jengo lake linaweza kuwa imara kuliko haki yake. Na kwa jamii ambayo haijajisajili, malisho na fidia ya barabara vitaendelea kubaki mikononi mwa mdhamini.