Al-Amin bin Ali Mazrui

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Mombasa, 1891–1947) alikuwa mwanachuoni, mwandishi na mwanamageuzi wa Kiislamu. Alitoka katika ukoo wa Mazrui uliowahi kuitawala Mombasa, na miongoni mwa walimu wake alikuwepo Sayyid Ahmad bin Sumait wa Unguja. Fikra za wanamageuzi Muhammad Abduh wa Misri na Rashid Rida zilimvutia sana.

Silaha yake ilikuwa gazeti. Alianza na Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo hakumwonea mtu haya: alikemea bidaa na gharama za kufuja mali harusini na matangani, akawahimiza wazazi wawasomeshe watoto, wasichana nao wasiachwe nyuma. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi.

Aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya Wamazrui; kazi adimu, kwani ni nasaba inayojisimulia yenyewe.

Kuanzia 1937 hadi kufa kwake alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuja kukishika pia mwanafunzi wake, Muhammad Kasim Mazrui. Mwanawe, Ali Mazrui (1933–2014), alikuwa msomi wa siasa aliyejulikana duniani.