Neno la leo: Nukta nundu
Nundu twaijua: ni ile nyama iliyoinuka mgongoni mwa ng'ombe. Nukta ni alama ndogo ya kalamu. Yaunganishe maneno hayo, upate maandishi yasomwayo kwa vidole, kila herufi ikiundwa kwa nafasi za nukta sita. Wengine husema breli, kwa jina la Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa 1809. Breli humtaja mvumbuzi; nukta nundu huonyesha kitu chenyewe. Mwanafunzi wa shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, huigusa maana yake. Nachagua nukta nundu.