Uchu Kombo: Jina la Tamaa ya Paka Alaye Majivu

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, jirani yangu wa mtaa wa Katindo, hapa Goma, mama ambaye riziki yake ni kuuza samaki wadogo waitwao sambaza, alinijia na kikapu kilichofunikwa kitenge, akakitua mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili cha mji wetu, "Papa, hii paka inakula makala." Makala, kwa ulimi wa Goma, ni makaa ya kupikia. Ndani ya kikapu walikuwamo watoto wawili wa paka, wa mama mmoja na uzazi mmoja, wenye umri wa miezi miwili hivi. Wa kwanza, mwenye mabaka, midomo yake ilikuwa myeusi kwa kutafuna vipande vya makaa na kulamba majivu ya mbabula, yaani jiko la makaa, na alipoachwa nje alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ya volkano, akalamba udongo uliomo baina ya jiwe na jiwe. Wa pili, mweusi, alikula vizuri kila alichopewa, lakini alitembea miguu imepanuka na kichwa kinatikisika, akinyanyua unyayo juu kuliko haja, akiyumba mithili ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, yenye mzigo mzito juu ya barabara ya mawe. Mama yule alikuwa na yakini kwamba wote wawili wamepatwa na jambo moja, na jambo hilo, kwa fikira yake, lilikuwa pepo. Nami, ambaye kazi yangu ni maneno wala si tiba, niliona kwamba mbele yetu kulikuwa na mambo mawili yasiyo na majina mepesi katika mazungumzo yetu, na kwamba kukosa majina ndiko kulikoyachanganya.

Waganga wa elimu ya leo huiita tamaa ya kula kisicho chakula kwa neno la Kilatini, pica, ambalo asili yake ni jina la ndege wa ukoo wa kunguru, mwenye mkia mrefu na manyoya meusi na meupe, aliyesifika huko Ulaya kwa kudonoa na kuokota kila kitu bila ya kuchagua. Neno hilo husemwa kwa mja mzito atamaniye udongo, kwa mtoto abanduaye rangi ya ukuta akaila, kwa ng'ombe atafunaye mifupa mikavu, na kwa paka alambaye saruji. Hapa kwetu, ambako elimu ya juu hufundishwa kwa Kifaransa, msomi hulitamka kama alivyolipokea, na akitaka kuliandika kwa Kiswahili huelekea kuandika "pika". Tahajia hiyo siiridhii. Kupika kwetu ni kuandaa chakula kwa moto, na neno limpelekalo msikilizaji kwenye sufuria, pale anapoelezwa habari ya mnyama alaye kitu ambacho hakipikiki wala hakiliki, ni neno linaloipa mgongo maana yake.

Walakini lugha yetu haikuwa fukara katika jambo hili. Zamani sana, kabla ya hospitali za leo, watu wa pwani walikuwa na neno safura, lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya umanjano na nyongo, nao walilitumia kwa maradhi yamvimbishayo mtu miguu, yampaushayo uso, yamkatayo pumzi, na yamtiayo hamu ya kula udongo. Mwaka 1870, msafiri David Livingstone, alipokuwa amezuiwa na vidonda vya miguu huko Bambarre katika nchi ya Manyema, kusini-magharibi ya Kivu yetu, aliandika katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, kwamba safura ni jina litumikalo Unguja kwa ugonjwa wa kula udongo. Kwamba watumwa wengi waliokuwako pale walikuwa nao. Kwamba hawakuula udongo ili wajiue, kwani hata matajiri wenye chakula tele walishikwa vilevile. Na kwamba udongo uliopendwa zaidi ulikuwa ule uliokandikwa kutani, ambao wanawake wa Manyema wenye mimba nao waliula. Kila niisomapo habari hiyo moyo wangu huwa mzito. Neno hili lilitoka pwani likaingia bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, nalo lilibebwa katika miili ya watu waliofungwa minyororo. Mwenye kulitumia leo kwa mtoto wa paka sharti alitumie kwa adabu.

Elimu iliyokuja baadaye ilidhihirisha kwamba wazee walikuwa karibu mno na ukweli. Wamo minyoo wadogo, ambao hata sasa huitwa minyoo ya safura, wanaojishikiza katika ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na mtu aliyepungukiwa na damu, yaani na madini ya chuma yaliyomo ndani yake, aghalabu ndiye anayetamani udongo, majivu, barafu au mchele mbichi. Sera Young, mtafiti wa Marekani aliyewachunguza waja wazito kisiwani Pemba, na ambaye mwaka 2011 alichapisha kitabu kizima juu ya wala udongo, alikuta tamaa hiyo na upungufu wa damu vikiandamana. Paka naye hakuepushwa na shari hii. Ana minyoo yake mwenyewe ya namna hiyo hiyo, tena ana viroboto, ambao kwa mtoto mwenye mwili mdogo kama kiganja cha mkono wanaweza kumaliza damu hata akafa; na dalili moja ya damu iliyopungua ni mnyama kuanza kulamba mchanga, saruji na majivu.

Kwa nini basi nisitosheke na safura? Nilitaka kutosheka, na nusura nifanye hivyo, lau si kwamba wako watoto wa paka ambao hula visivyolika bila ya kuwa na upungufu wowote. Mtoto wa wiki nne, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kula, huonja mchanga kama mtoto wa mtu atiavyo kila kitu kinywani, kisha huacha. Aliyeondolewa kwa mama yake mapema, kabla ya wiki nane, hunyonya blanketi na kulikanda kwa mikono kana kwamba ni titi. Paka wa nasaba ya Siam hutafuna sufu mpaka akaitoboa. Kuwaita hawa wote wenye safura ni kumpa maradhi asiye nayo. Nasema basi, safura na ibaki kuwa jina la ugonjwa, na tamaa yenyewe, iwe imetokana na ugonjwa au la, tuiite uchu kombo. Uchu ni hamu kali ya chakula, hasa ya kitoweo, hamu isiyomwachia mtu raha; kombo ni kupinda na kutoka katika njia, kama tusemapo jambo limekwenda kombo. Maneno hayo mawili yanasimama pamoja bila ya kiunganishi, kama askari kanzu na bata maji, na mama auzaye sambaza huyafahamu bila ya kufasiriwa.

Na maadamu kombo limekwisha kupatikana, linatufaa pia kwa yule mweusi. Kuyumba kwake, ambako wataalamu hukuita ataksia, nakuita mwendo kombo. Wakati mwingine mama paka huambukizwa, angali na mimba, virusi vya maradhi makali ya paka yanayoteketeza chembe nyeupe za damu. Virusi hivyo hushambulia ile sehemu ya nyuma ya ubongo wa mtoto inayopima na kulinganisha mwendo, na mtoto huzaliwa akiyumba, huku ndugu zake wa uzazi ule ule huenda wakawa wazima. Hana maumivu, hali yake haizidi kuwa mbaya, na anaweza kuishi umri kamili wa paka. Mwendo kombo unaomjia paka aliyekuwa akitembea vizuri ni habari nyingine, tena ni ya haraka, na mara nyingine chanzo chake ni sahani. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyelishwa hao kila siku huyumba, mboni zikapanuka, kichwa kikainama kifuani. Moto hukiondoa kitu hicho. Nyama tupu isiyo na mifupa, nayo, humnyima mtoto chokaa ya kujengea mifupa yake, akachechemea na hata kuvunjika kwa kuruka tu. Ama zile mbio za watoto wa paka wakati wa magharibi, na kuruka upande upande mgongo umepinda, hayo ni mchezo wa afya, wala mtu asiyatafutie dawa.

Daktari wa mifugo tuliyemwendea alimnyanyua mdomo mwenye mabaka, akatuonyesha ufizi mweupe kama karatasi. Alimpa dawa ya minyoo, akaagiza viroboto watolewe kwa kitana, na ugali mtupu uliokuwa chakula chake ubadilishwe kwa sambaza wazima waliochemshwa, samaki wale wale walioletwa katika ziwa letu la Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao wadogo wao mtu huwala na miba yao. Baada ya wiki kadhaa aliuacha ukuta, na mbabula akaipita bila ya kuitazama. Mweusi hakupewa dawa, kwa kuwa hakuna. Alitandikiwa gunia ili asiteleze, na hadi leo anayumba, anakula, na ananenepa.

Wasomaji wa Kabambare, Kasongo na Kindu, huko huko Manyema, ambao bibi zao huenda walikuwa na jina lao wenyewe kwa mwenye kula udongo wa ukutani, nawaomba waliulize kwa wazee walio hai na kuliandika. Na kama ni bora kuliko uchu kombo, nitaliacha langu nilichukue hilo.