Imbo: Ziwa, Michikichi na Swali la Kabila

Anayesoma historia ya Burundi hukutana upesi na Wahutu, Watutsi na Watwa, kana kwamba majina hayo matatu yanatosha kumweleza kila Mrundi. Mwambao wa Imbo kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, hauenei humo. Watu wake huishi kwa mawese na ndagala, na tangu misafara ya biashara ya Ujiji ya karne ya 19 wamekaa na majirani Waislamu waitwao Waswahili, wakiwemo wazaliwa wa papo hapo waliosilimu na kushika biashara. Hoja yangu ni kwamba kabila mwambaoni hupata uzito wake kutokana na mahali mtu alipokaa, na kumhamisha mtu ni kuligusa kabila lenyewe.

Nitaambiwa: na 1972 je? Uasi wa Wahutu ulioanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili uliwaua Watutsi. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, wasomi wakitangulia. Hakuna aliyesalimika kwa kuwa mtu wa ziwa. Pingamizi hilo ni zito, lakini tuwafuate walionusurika. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliwakuta Tanzania katika mazingira mawili. Huko Mishamo, kambi iliyotengwa porini, walisimulia historia moja ya taifa la Wahutu lililo uhamishoni. Mjini Kigoma, kando ya ziwa lile lile, wenzao walioana na wenyeji, wakachanganyika nao, na wengi hawakupenda kuitwa wakimbizi wala Wahutu. Msiba uliowakimbiza ulikuwa mmoja. Atakayesema kilichowatofautisha ni sheria za kambi na wala si ardhi, nitamkubalia nusu tu, kwa maana mahali ni pamoja na yule anayekuruhusu kukaa au kutoka.

Waliorejea Rumonge baada ya Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000 walikuta michikichi yao mikononi mwa watu wengine, baadhi yao Wahutu kama wao. Uhutu haukuwapatanisha. Mkataba uliahidi mkimbizi kurudishiwa mali yake, hasa ardhi, au kulipwa fidia ya haki. Basi wanaosikiliza kesi za ardhi hiyo wasianze na kabila: waulize nani aliipanda michikichi, nani aligawiwa shamba, aligawiwa na nani, na mwaka gani.