Msuguano: kwa nini breki hushika, na kwa nini wakati mwingine hukataa

Masika iliyopita wawili wetu tulikuwa kwenye pikipiki, tunakwenda kijijini kurekodi kipindi. Mvua ilikuwa na dakika kumi tu tangu ianze. Mbuzi akakatiza, breki ya nyuma ikakanyagwa kwa nguvu, gurudumu likaacha kuzunguka, lakini pikipiki haikusimama. Iliendelea kuteleza mpaka mtaroni. Tulichubuka magoti, kinasa sauti kikaingia maji, mbuzi akaenda zake. Tulipolisimulia hewani, ujumbe uliingia mwingi, na swali lililojirudia ni hili: kama gurudumu limeshasimama, kwa nini chombo chenyewe hakisimami?

Jibu liko kwenye msuguano. Msuguano ni nguvu inayozuia vitu viwili vilivyogusana visiteleze. Hata kitu unachokiona laini, kama sahani au kioo, ukikitazama kwa darubini kali kina vilima na mabonde. Vilima vya kitu kimoja hugandana na vya kingine, na ili kimojawapo kisogee lazima migando hiyo ivunjwe. Ndiyo maana unaweza kutembea bila kuanguka, msumari unabaki kwenye mbao, na fundo la kamba halifunguki lenyewe.

Mambo mawili ndiyo huamua ukubwa wake: aina ya vitu vinavyogusana, na uzito unaovikandamiza. Ukubwa wa eneo linalogusana, kwa vitu vigumu vya kawaida, hauleti tofauti yoyote ya maana. Wengi hamtatuamini, basi jaribuni. Funga tofali kwa kamba, livute juu ya ubao likiwa limelala, kisha livute likiwa limesimama. Mkono wako utahisi uzito ule ule. Mfaransa Guillaume Amontons alilitangaza jambo hili mwaka 1699, ingawa Leonardo da Vinci wa Italia alikuwa ameshaliandika kwenye daftari zake miaka 200 hivi kabla yake.

Sasa turudi mtaroni. Kitu kilichotulia hushika zaidi kuliko kile ambacho kimeshaanza kuteleza. Umeliona ukisukuma kabati au gunia la mahindi sakafuni: kazi kubwa ni kulianzisha, likishaanza kwenda linakuwa jepesi. Gurudumu linalozunguka vizuri, ile sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati huo haitelezi. Inakanyaga, inashika, inainuka, kama unyayo wa mtu anayetembea. Ukibana breki mpaka gurudumu likafunga, tairi linaanza kuburuzwa, na linaloburuzwa hushika kidogo. Juu ya hapo, gurudumu la mbele likifunga huwezi tena kukata kona. Usukani unageuka, chombo kinakwenda kilikokuwa kinakwenda.

Waendesha bodaboda wengi tunaozungumza nao huiogopa breki ya mbele, wakisema inaangusha. Wana sababu, lakini hiyo ni nusu ya habari. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huinamia mbele, na tumeshasema uzito unaokandamiza ndio unaoongeza msuguano. Kwa hiyo kwenye barabara kavu gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Kinachoangusha ni kulikamata ghafla, au kulikamata ukiwa umelala kwenye kona, au juu ya changarawe. Bana zote mbili pamoja, taratibu, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, chombo kikiwa kimenyooka.

Kuhusu mwendo, tulipiga hesabu. Kwenye lami kavu na tairi zima, chombo kinachokwenda kilomita 30 kwa saa kinahitaji kama mita 5 kusimama tangu breki ishike. Kikienda kilomita 60 kinahitaji mita 20. Mwendo umezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne. Lami ikilowa, zile mita 20 zinakuwa 35 hivi. Na hapo hatujahesabu sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujabana, ambayo kwa mwendo huo inakula mita nyingine 16 na zaidi. Mbuzi wetu alikuwa karibu kuliko hapo.

Maji hupunguza msuguano kwa sababu hujipenyeza kati ya tairi na barabara. Mistari iliyochongwa kwenye tairi kazi yake ni kuyatoa maji hayo. Tairi kipara kwenye lami kavu linaweza kukudanganya kwamba halina shida, kisha siku ya mvua likakutupa. Dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi: vumbi na oili iliyodondoka kwa miezi vinachanganyika na maji kuwa utelezi. Kwenye barabara ya vumbi, kokoto zilizolegea hufanya kazi kama gololi chini ya gurudumu, hata jua likiwa linawaka.

Gari likikwama kwenye tope, dereva hukanyaga mafuta na gurudumu linazunguka bila kusogea. Kila mzunguko unalainisha tope na kuchimba shimo. Acha mafuta, weka matawi, mawe madogo au magunia chini ya gurudumu ili lipate cha kushika, kisha ondoka polepole.

Joto

Sugua viganja vyako kwa nguvu. Vinapata moto. Msuguano hula mwendo na kuutoa ukiwa joto. Wazee wetu walipekecha moto kwa njia hiyo, ulindi ukizungushwa juu ya uwimbombo mpaka unga wa mti ukashika cheche. Njiti ya kiberiti nayo huwashwa hivyo hivyo, ila dawa yake haihitaji joto kubwa.

Breki ni kifaa cha kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Watu wa mlima Kitonga, kule Iringa, wanaijua harufu ya breki za malori. Tuchukue lori la tani 40 linaloshuka mteremko wa mita 300 kwenda chini. Kama breki peke yake ndizo zinazolizuia, joto linalotoka linatosha kuchemsha zaidi ya lita 300 za maji. Joto hilo lote liko kwenye magurudumu. Breki zikipata moto kupita kiasi, vipande vyake hupoteza ukali wa kushika. Dereva anakanyaga, pedali iko, lakini lori haliitikii.

Ndiyo maana huambiwa kushuka kwa gia nzito, tangu juu, kabla mteremko haujaanza, ili injini ibebe sehemu ya kazi. Anayeweka gia frii ili abane mafuta ameitupa injini nje na kuziachia breki mzigo wote. Dizeli anayookoa haifiki hata bei ya kipande kimoja cha breki, tukiacha maisha ya watu.

Tunapoutaka na tusipoutaka

Kwenye mnyororo wa baiskeli msuguano ni hasara: unakula nguvu za miguu na kuumaliza mnyororo. Futa vumbi kwanza, ndipo utie oili. Oili juu ya mchanga inakuwa kama msasa. Gololi ndani ya kitovu cha gurudumu zipo kwa sababu kitu kinachobingirika hukwama kidogo sana kuliko kinachoburuzwa. Ila oili hiyo isifike kwenye rimu wala kwenye mpira wa breki.

Kamba ni mfano tunaoupenda zaidi. Ukiizungusha kamba ya katani mara moja kwenye shina la mti, nguvu unayohitaji kushikilia inapungua kama mara sita. Ukiizungusha mara mbili, inapungua kama mara 40. Mtu mwenye nguvu ya kuvuta kilo 5 anaweza kushikilia mzigo wa kilo 200. Kwa hiyo ng'ombe akikuzidi, usishindane naye kwa mikono: mzungushie mti, na kila akilegeza, vuta kamba iliyobaki. Usiizungushe kwenye kiganja kamwe, maana msuguano ule ule utakamatia vidole vyako.

Kwa madereva: ukisikia harufu ya kuungua kwenye mteremko, usisubiri kufika chini. Simama kwenye nafasi ya kwanza iliyo tambarare, weka jiwe chini ya gurudumu, acha breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, kwa sababu chuma chenye moto mkali kikipozwa ghafla hupasuka. Na ukiondoka, ondoa lile jiwe barabarani. Anayekuja nyuma usiku na pikipiki hataliona.